Namna ya Kuweka Kumbukumbu za Majengo ya Kale Yaliyobadilishiwa Matumizi: Mfano wa Mji Mkongwe wa Zanzibar

Fomu nyingi zinazotumika kuorodhesha majengo ya kale zina kisanduku kimoja tu kilichoandikwa "matumizi", na kisanduku hicho kimezaa makosa mengi kuliko futikamba mbovu au kamera duni. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, ni vigumu kulipata jengo kubwa la karne ya 19 ambalo leo linafanya kazi ile ile lililojengewa. Nyumba za wafanyabiashara zimekuwa hoteli, makazi ya familia moja yamekuwa makazi ya familia nyingi, na majumba ya kifalme yamekuwa ofisi na kisha makumbusho. Mwandishi wa fomu anayejaza "hoteli" na kuendelea na safari yake ameandika jambo la kweli, lakini ameacha nje karibu kila kitu ambacho mpangaji wa mji, fundi wa ukarabati au mwanahistoria atakihitaji baadaye.

Makala haya yanawalenga wanafunzi wa usanifu majengo, maofisa wa mipango miji na wakazi wanaojitolea katika kazi ya kuorodhesha mandhari ya mji, yaani kazi inayolitazama jengo pamoja na mtaa wake, viwanja vyake na mandhari yake ya mbali. Msingi wa maelekezo yote ni mmoja: mabadiliko ya matumizi ni sehemu ya historia ya jengo, na yanastahili kuandikwa kwa uangalifu ule ule unaopewa mwaka wa ujenzi na jina la mjenzi.

Tenganisha umbo na matumizi

Kabla ya kwenda mtaani, irekebishe fomu. Weka sehemu moja ya aina ya jengo kwa umbo lake, na sehemu nyingine ya matumizi yake. Nyumba yenye ua wa ndani uliozungukwa na vyumba na veranda, ikiwa na ukuta mzito wa nje na mlango mmoja mkubwa wa kuchonga, kwa umbo ni nyumba ya ua hata kama leo ina mapokezi ya wageni na vyumba vyenye viyoyozi. Nyumba nyembamba yenye duka mbele chini na makazi juu, ambayo imetapakaa katika mitaa ya biashara iliyokaliwa na wafanyabiashara wenye asili ya Kihindi, kwa umbo ni nyumba ya duka hata kama duka lenyewe limefungwa na kugeuzwa chumba cha kulala.

Sehemu ya matumizi nayo isiwe kisanduku, bali jedwali lenye safu za kutosha. Kila safu ibebe matumizi ya kipindi kimoja, na mbele yake kuwe na nafasi tatu: kipindi chenyewe, ushahidi uliotumika, na kiwango cha uhakika. Ngome Kongwe iliyoko mbele ya Forodhani inaonyesha kwa nini safu moja haitoshi. Waarabu wa Omani waliijenga baada ya Wareno kung'olewa katika sehemu hii ya pwani mwishoni mwa karne ya 17, wakaijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, na mabaki ya kanisa hilo yakaingia katika ujenzi mpya. Katika karne ya 19 ilikuwa kambi ya askari na gereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilitumika kama karakana ya reli iliyokwenda Bububu, mwaka 1949 ikawa klabu ya wanawake, na katika miaka ya 1990 ikajengewa jukwaa la wazi ambalo sasa hutumiwa na matamasha kama lile la filamu la ZIFF na lile la muziki la Sauti za Busara. Hizo ni safu sita au zaidi kwa jengo moja, ukihesabu na kanisa lililotangulia, na kila moja iliacha alama yake mahali fulani ndani ya kuta hizo.

Matumizi ya sasa yaandikwe ghorofa kwa ghorofa. Ni jambo la kawaida kabisa kwa ghorofa ya chini kuwa na fremu tatu za maduka ya vinyago na kanga, ya kwanza kuwa na ofisi, na ya juu kuwa na familia iliyokaa hapo tangu miaka ya 1960. Fomu inayosema "mchanganyiko" haijasema kitu.

Kabla ya kubisha hodi

Anza kwenye nyaraka, kwa sababu zitakueleza cha kutafuta ukutani. Katika Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, tafuta ramani za zamani za mji, mafaili ya ujenzi ya enzi ya ukoloni, na mpango wa mji uliotayarishwa na H. V. Lanchester mwaka 1923. Picha za studio za mwishoni mwa karne ya 19, nyingi zikiwa zimegeuzwa postikadi, ni ushahidi bora zaidi kwa nyumba zinazotazama bahari kuliko kwa zile za ndani ya vichochoro, kwa hiyo usishangae ukikuta upande mmoja wa mji una picha nyingi na mwingine hauna hata moja. Kwa nyumba za wakfu, ambazo ni nyingi, kumbukumbu za Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana zinaweza kukupa jina la aliyeweka wakfu na masharti yake, na masharti hayo mara nyingi ndiyo yanayoeleza kwa nini nyumba fulani haikuuzwa wakati majirani zake wote waliuzwa.

Kisha muone sheha. Hatua hii si adabu peke yake. Sheha anajua nani anaishi wapi, nyumba ipi ina mgogoro wa mirathi usioruhusu mtu kuingia na daftari, na mzee gani azungumzwe naye kwanza. Kikundi kizuri kina watu watatu, mmoja wa kuandika na kupima, mmoja wa picha, na mmoja wa kuzungumza na wenyeji, na ni lazima mmoja wao awe mwanamke, kwa kuwa vyumba vya ndani vya nyumba inayokaliwa havifunguliwi kwa wanaume wasiofahamika. Misikiti itembelewe nje ya nyakati za sala. Picha za ndani zipigwe kwa ruhusa, bila watu na bila vitu vyao binafsi; jengo la kihistoria likiwa makazi, bado ni nyumbani kwa mtu.

Kuusoma ukuta

Sehemu kubwa ya historia ya matumizi haimo katika nyaraka, imo katika lipu. Simama upande wa pili wa kichochoro, kadiri kichochoro kinavyoruhusu, uutazame ukuta wa mbele kuanzia chini kwenda juu.

Chukua mfano wa ukuta wa aina inayopatikana mara kwa mara kati ya Darajani na Hurumzi. Kushoto kuna mlango wa duka wenye mbao nyembamba za kukunja, na kulia kuna dirisha la kawaida. Ukilitazama dirisha kwa makini, unaona nyufa mbili zilizonyooka zikishuka kutoka pembe zake za chini hadi usawa wa mtaa, kila moja upande wake, na kati yake lipu ni laini na ya kijivu wakati kuta nyingine zina chokaa iliyovimba na kumeguka. Hapo palikuwa na mlango wa pili wa duka, ukazibwa kwa tofali na saruji. Baraza iliyo chini inakatika ghafla mahali hapo hapo, nayo inathibitisha habari, kwa kuwa mbele ya mlango wa duka baraza haikuhitajika. Juu ya dirisha kuna matundu manne madogo yaliyopangwa mraba: kibao cha biashara kilining'inia hapo. Unachoandika kwenye fomu ni kwamba nyumba ilikuwa na fremu mbili na mojawapo ilizibwa baada ya saruji kuanza kutumika katika mtaa huo, na unaonyesha kila alama kwa picha yake. Kwamba fremu ilizibwa kwa sababu biashara ilikufa, hilo hukuliona ukutani. Liandike tu kama kuna mtu aliyekusimulia, na uliweke mahali pa masimulizi.

Vifaa vya ujenzi ni kalenda, ingawa si sahihi sana. Nyumba za zamani zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimebebwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo hazizidi kiasi cha mita tatu, upana wa chumba nao hauzidi hapo, na kwa hiyo chumba chenye upana wa mita tano katika nyumba ya aina hiyo ni dalili ya wazi kwamba ukuta umeondolewa au mihimili ya chuma imeingizwa. Tafuta mihimili hiyo, kwa sababu mara nyingine ina jina la kiwanda lililochapwa ubavuni, na jina hilo ni tarehe ya bure. Mapaa ya mwanzo ya nyumba nyingi yalikuwa bapa. Paa la bati lenye mteremko liliongezwa juu yake kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 ili kuzuia uvujaji, na ukipanda darini utalikuta paa la zamani limegeuka sakafu.

Uwe mwangalifu mno na milango. Wageni wengi, na wataalamu wasio wachache, huitumia milango ya kuchonga kuikadiria nyumba umri: kizingiti cha juu kilichonyooka huhesabiwa kuwa cha zamani zaidi, na kile cha nusu duara chenye nakshi za maua huwekwa mwishoni mwa karne ya 19. Kanuni hiyo ina msingi, lakini inahusu mlango na si nyumba. Milango imeuzwa, imerithiwa, imehamishwa kutoka nyumba zilizoanguka, na hoteli mpya zimeinunua ili zionekane za kale. Kagua mahali miimo inapokutana na ukuta. Kama chokaa ya kando ni ile ile ya ukuta mzima na kizingiti kimekaa ndani ya mawe, mlango huenda ni wa nyumba hiyo. Kama kuna ukanda wa saruji umeuzunguka pande zote, au mfaa (ubao wa katikati ya mlango) umekatwa chini ili uingie, andika "umehamishiwa hapa" na uusajili mlango kama kitu chenye namba yake. Ukikuta mwaka wa Hijria umechongwa, uandike kama ulivyo, kisha uweke miaka miwili ya Miladia inayolingana nao: mwaka 1300 wa Hijria, kwa mfano, ulianza Novemba 1882 na kumalizikia 1883.

Ndani ya nyumba: vizuizi vya plaiwudi navyo ni historia

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za Mji Mkongwe ziliachwa na wenyewe au zilitaifishwa, na serikali ikaweka humo familia zilizohitaji makazi. Nyumba iliyojengwa kwa ukoo mmoja na watumishi wake ikagawanywa: sebule ikapata kizuizi cha plaiwudi, veranda ya ua ikafungwa ikawa jiko, na ngazi iliyokuwa ya faragha ikawa njia ya wote. Waorodheshaji wa majengo wana mazoea ya kuviita vizuizi hivyo "uharibifu" na kuchora ramani ya nyumba kana kwamba havipo. Kwa maoni yangu hilo ni kosa. Mgawanyo huo ndio ushahidi wa kuonekana wa badiliko kubwa la kijamii kuliko yote yaliyoupata mji huu katika karne ya 20, na unatoweka kwa kasi kuliko nakshi za milango, kwa kuwa hakuna mwekezaji anayeulipia uhifadhi wake.

Chora basi ramani mbili kwa kila ghorofa unayoruhusiwa kuiingia, moja ya kuta nzito peke yake na nyingine ya hali ilivyo leo, ukitumia rangi tofauti kwa kila kipindi unachoweza kukitambua. Mchoro wa mkono wenye vipimo vikuu vilivyochukuliwa kwa kipima umbali cha leza unatosha kwa uorodheshaji wa mji mzima. Vipimo kamili vya kila chumba viachwe kwa majengo yaliyo hatarini au yanayosubiri kibali. Kwa kila badiliko, andika kama linaweza kuondolewa bila kuujeruhi ukuta. Kizuizi kilichopigiliwa misumari ni jambo dogo. Sakafu ya zege iliyomwagwa mahali pa boriti ni jambo kubwa, kwa uzito wake na kwa sababu haitarudi nyuma. Vivyo hivyo lipu ya saruji juu ya mawe na chokaa: inafungia unyevu ndani, na ukuta unaoza nyuma ya uso unaoonekana mpya. Vyoo na mabafu vilivyoongezwa ghorofani ili nyumba iwe hoteli vinastahili kutazamwa mara mbili, hasa dari iliyo chini yake.

Masimulizi yawe na kisanduku chake

Wenyeji watakueleza mengi ambayo ukuta hauwezi kusema, na mengine yatapingana na ukuta. Andika yote mawili, pasipo kuyachanganya. Mfano mgumu uko Mkunazini. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale pale kama tendo la makusudi. Jengo la jirani, linalotumika kama hosteli, lilijengwa na wamisionari kama hospitali, na vyumba vya chini yake huonyeshwa kwa wageni kuwa ni mahali walipofungiwa watumwa. Soko lilikuwepo katika eneo hilo, na kumbukumbu ya mateso hayo ni ya kweli. Lakini hospitali ilijengwa baada ya soko kufungwa, na mworodheshaji hana budi kulisema hilo waziwazi katika safu ya ushahidi, huku akiyaandika masimulizi na matumizi ya sasa ya ukumbusho katika safu zake. Matumizi ya ukumbusho nayo ni matumizi, na yana tarehe ya kuanza.

Gereza ni aina nyingine ya matumizi inayopenda kusahauliwa. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ilikuwa gereza kuanzia 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu iliendelea kuwa gereza hadi miaka ya 1980. Mgeni anaweza kuimaliza ziara nzima akiwa amekutana na mizinga mingi na wafungwa wachache sana. Jedwali la matumizi lisiruke kipindi kwa sababu hakipendezi.

Kutoka jengo hadi mtaa

Mpaka hapa tumelitazama jengo kwa karibu, lakini uorodheshaji wa mandhari ya mji unadai hatua zaidi, na ni hatua inayorukwa mara nyingi. Jengo linapobadilishiwa matumizi, mtaa nao hubadilika. Mbele ya nyumba iliyogeuzwa hoteli, baraza iliyokuwa ya wazee na kahawa huwekewa vyungu vya maua au mlinzi. Jenereta huingia kwenye uchochoro wa nyuma. Juu ya paa huongezwa mkahawa wenye makuti unaoonekana kutoka baharini. Piga picha ya mtaa mzima kutoka ncha zote mbili, kisha uso wa jengo ukiwa umenyooka na kijiti cha vipimo kando yake, kisha alama moja moja. Katika vichochoro vyembamba siku ya mawingu ni bora kuliko siku ya jua, maana jua huugawa ukuta vipande viwili vya mwanga mkali na giza.

Andika kama umma bado unaingia mahali ulipokuwa ukiingia zamani. Mambo Msiige, nyumba ya Shangani ya katikati ya karne ya 19, imewahi kuwa ubalozi mdogo wa Uingereza, hospitali na ofisi za serikali, na tangu 2015 ni sehemu ya hoteli kubwa. Mjadala uliozuka wakati wa ujenzi wa hoteli hiyo ulihusu pia urefu wa sehemu mpya na uwanja wa wazi uliokuwa kando, mambo ambayo fomu ya jengo pekee isingeyaonyesha. Kwa hiyo kila fomu iwe na sehemu ya nafasi jirani: kiwanja, kisima, mti mkubwa, njia ya kwenda pwani, na mnara unaoonekana kutoka mlangoni.

Namba za majengo zifungwe kwenye mwili wa jengo, si kwenye biashara wala jina la mwenye nyumba. Hoteli iliyotoboa ukuta na kuunganisha nyumba mbili ibaki na namba mbili zilizounganishwa kwa maelezo. Nyumba moja iliyogawanywa kwa wamiliki watatu ibaki na namba moja yenye vifungu. Usipofanya hivyo, ramani ya miaka kumi ijayo haitalingana na yako, na hakuna atakayejua kama jengo limebomolewa au limebadilishwa jina tu. Programu huria kama QGIS inatosha kwa ramani, na jedwali la matumizi linaweza kuunganishwa nayo kwa namba hiyo hiyo.

Kutoa uamuzi, na kuhifadhi kazi

Ukitakiwa kutoa daraja la umuhimu, usitoe alama moja. Toa hukumu tatu zinazojitegemea: kiasi cha jengo la mwanzo kilichobaki, uzito wa mabadiliko kwa maana ya kuondoleka au kutoondoleka, na thamani ya mabadiliko yenyewe kama ushahidi wa historia. Zahanati ya Kale, iliyoanzishwa kwa fedha za mfanyabiashara Tharia Topan mwaka 1887, ilipata kazi mpya ya utamaduni na biashara baada ya kukarabatiwa na Aga Khan Trust for Culture katika miaka ya 1990. Roshani zake za mbao zimebaki zinaonekana, lakini ramani yake ya ndani na hadhira yake ni za enzi mpya, na alama moja ingeficha tofauti hiyo.

Hali ya jengo iandikwe pamoja na tarehe ya siku uliyoliona, bila kukosa. Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, ilipita katika mikono ya utawala wa kikoloni, shughuli za chama baada ya Mapinduzi, na makumbusho, kisha sehemu yake ikaporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu. Baada ya siku kama hiyo, kila mchoro na kila picha yenye tarehe hugeuka kuwa nyenzo ya kazi kwa mafundi wanaojenga upya.

Nakala moja ya fomu zote ipelekwe kwa Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, nyingine kwenye Nyaraka za Taifa, katika mafaili yanayoweza kufunguliwa bila programu ya kulipia, na muhtasari wa mtaa urudishwe kwa sheha kwa karatasi. Majina ya wakazi na habari za mirathi yaondolewe katika nakala itakayosomwa na umma. Jengo likipewa kibali cha matumizi mengine, safu mpya iongezwe chini ya zile za zamani pamoja na namba ya kibali, na hakuna safu ya juu yake inayofutwa.